Ziwa Letu na Dunia: Maneno ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia, na habari za karo za watoto yatima mmezisikia pia. Kazi tuliyoachiwa sisi wa halmashauri ni kusema juu ya jambo la sita katika orodha ya mkutano, yaani lile shauri la kutenga fungu moja katika kila mafungu kumi ya michango ya mwaka, ili kifunguliwe chumba cha kusomea na kupokea habari hapa Bondo, na kijana mmoja apewe posho ya kuzichambua habari hizo na kuwaeleza wavuvi, wakulima na akina mama wachuuzi katika fuo zetu, au bichi kama sote tunavyoziita.

Shauri hili lilizusha maneno mengi katika mkutano uliopita. Mzee wetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa yupo hapa na ni baba yetu, alisimama akasema: "Dunia ina wenyewe. Sisi tuna ziwa letu, mashamba yetu na makaburi ya baba zetu. Fedha ya mjane isichukuliwe kwenda kununulia habari za Uchina." Watu wengi walimpigia makofi, na sisi wenyewe siku ile hatukuwa na jibu. Tumeyafikiri maneno yake kwa muda wa miezi mitatu. Leo twaleta jibu, wala si kwa kushindana naye, maana aliyoyasema juu ya fedha ya mjane ni ya haki. Twataka kuonyesha tu kwamba huyo mjane ndiye mwenye haja kubwa ya habari hizo kuliko sisi sote.

Na tuanze na neno hili, "ziwa letu". Nam Lolwe ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Katika kila sehemu mia moja za maji hayo, sehemu ya Kenya ni sita tu; nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Samaki anayezaliwa upande mmoja hukua upande mwingine na kuvuliwa upande wa tatu, wala haulizwi hati ya kusafiria. Samaki yule yule tunayemwita mbuta huitwa sangara Mwanza na mputa Jinja, na omena wetu ni dagaa kwa hao na mukene kwa hawa. Kwa hiyo hata kabla hatujatoka nje ya mlango wetu, tumekwisha kuwa na shirika na watu wengine. Ndiyo sababu mwaka 1994 serikali tatu zilitia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja.

Tena, wazee wetu, ninyi ndio mliotufundisha kwamba hatukuota hapa kama uyoga. Watu wetu walikuja kutoka kaskazini, katika nchi za mto Nile, wakasafiri vizazi kwa vizazi hata wakafika Got Ramogi kule Yimbo, na kutoka pale wakaenea. Kila jamaa iliyohama ilituma kwanza watu wa kuchungulia mbele: kuna maji? kuna malisho? ni nani anayekaa huko, na desturi zake ni zipi? Jamaa iliyohama bila kuchungulia iliweza kupotea. Basi kutafuta habari za mbali si jambo la kizungu tulilojifunza shuleni. Ni desturi ya wazee ambayo sisi tumeilegeza.

Bwana Mwenyekiti, hebu tutazame sasa jinsi dunia ilivyoingia katika ziwa hili, mara kwa mara, bila kupiga hodi.

Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba, mwaka 1901. Miaka michache baadaye, mnamo 1905, zikaletwa nyavu za kitani zilizofumwa Ulaya. Kabla ya hapo wavuvi walitumia mitego, ndoana na vifaa vya mafunjo, na walikuwa na desturi zao za kujua wakati wa kuvua na wakati wa kupumzisha maji. Nyavu mpya zilivua ngege wengi sana, na reli iliwachukua kwenda kulisha watu wasiowahi kuliona ziwa. Faida ilikuwa kubwa, kisha ikaanza kupungua. Katika miaka ya 1927 na 1928 alikuja mtaalamu Mwingereza aitwaye Michael Graham kulipima ziwa. Alishauri kwamba macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege wadogo wapate kupita na kukua. Naye alionya neno jingine: kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine kungekuwa ni hatari kubwa kama utafiti wa kutosha haukutangulia.

Onyo hilo lilichapishwa mwaka 1929. Je, ni nani katika bichi za Usenge au Uhanya aliyelisikia? Hakuna aliyewasomea wavuvi. Katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa katika ziwa upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatiwa tena, na Kisumu pia. Kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuonekana kuwa kitu kikubwa. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alijaa katika ghuba yetu, na fulu wakaanza kutoweka. Wataalamu wasema kwamba aina za fulu zilizopotea ni mamia, na kwamba upotevu wa namna hiyo, wa haraka kiasi kile, ni nadra kuonekana mahali popote ulimwenguni.

Hatusemi kwamba mbuta alileta hasara tupu. Hilo lingekuwa uongo, na wengi wetu tuliomo humu tungekuwa mashahidi wa kinyume chake. Mbuta alijenga nyumba za mabati. Mbuta alilipa karo. Viwanda vya kukata minofu vilifunguliwa Kisumu na kwingineko, na vijana wakapata kazi. Twasema hili tu: jambo kubwa kuliko yote lililolipata ziwa katika karne iliyopita lilifikiriwa, likabishaniwa na likaamuliwa na watu wengine, katika maandishi ambayo sisi hatukuyasoma. Asiyekuwapo penye shauri hawezi kulikubali wala kulikataa.

Sasa twafika kwa yule mjane.

Kiwanda kikata minofu, minofu hupelekwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, na hicho twakiita mgongo wazi. Mama mjane hununua mgongo wazi, huukaanga kwa mafuta, huuuza sokoni, na kwa faida yake hununua unga na daftari za watoto. Mtu akimwuliza mama huyo, "Je, una biashara yoyote na Ulaya?", atacheka. Walakini biashara yake yote imefungwa kwa kamba ndefu ambayo ncha yake ya pili imo katika meza ya Mhispania au Mholanzi.

Kati ya mwaka 1997 na 2000 kamba hiyo ilikatwa zaidi ya mara moja. Kwanza masoko ya Ulaya yalihofu vijidudu katika samaki. Kisha ulipozuka ugonjwa wa kipindupindu katika nchi zetu samaki wa ziwa hili walikatazwa. Na mwaka 1999 walikatazwa tena kwa sababu ya habari kwamba kulikuwa na wavuvi waliotia sumu majini ili wavue kwa urahisi. Viwanda vilipunguza kazi au vilifunga. Bei ya mbuta ilianguka bichini. Ni kweli kwamba kwa siku chache watu wa hapa walikula samaki rahisi. Lakini mgongo wazi uliadimika, na wale waliokopa fedha za mitumbwi na nyavu walibaki na deni.

Hapa, wazee wetu, hatuna budi kukiri kosa la chama hiki. Katika miaka ile wako wanachama waliokuja kwetu kuuliza, "Kuna nini? Mbona gari la barafu halifiki?" Tuliwajibu kwa kubahatisha. Baadhi yetu tulisema ni siasa. Wengine walisema ni fitina ya matajiri wa Kisumu ili kuangusha bei. Katika bichi moja watu walikaribia kupigana na jirani zao kwa dhana tu. Mwanachama wetu mmoja, tukimshauri kwamba mambo yangenyoka baada ya wiki mbili, aliongeza deni juu ya deni akanunua wavu mwingine. Mambo hayakunyoka baada ya wiki mbili. Mtumbwi wake uliuzwa, na watoto wake wawili waliacha shule. Sababu zote zilikuwa zimeandikwa wazi katika magazeti, tena kwa Kiswahili na Kiingereza. Sisi hatukuwa na gazeti. Tulikuwa na fedha ya kununua sufuria kumi na mbili za mikutano, lakini hatukuwa na fedha ya gazeti.

Kama tungalijua sababu, tungalifanya mambo matatu yaliyokuwa ndani ya uwezo wetu: kumzuia ndugu yetu asikope, kusimama kwa umoja dhidi ya sumu katika maji, na kuhimiza mapema usafi wa bichi, choo na maji safi, mambo ambayo baadaye yalikuja kudaiwa na wanunuzi kwa nguvu. Hayo hayakuhitaji ndege wala balozi. Yalihitaji habari.

Mwaka 2020 tuliona jambo la namna hiyo tena, wakati ugonjwa wa korona ulipozuia ndege na kufunga masoko ya nchi nyingi. Safari hii kila mtu alijua sababu, kwa kuwa ugonjwa ulifika hata kwetu. Na tazameni tofauti: hakuna aliyemlaumu jirani yake kwamba ndiye aliyeficha wanunuzi.

Yako pia mambo ambayo kutojua kwetu kulitunyima faida. Ndani ya tumbo la mbuta mna kifuko cha hewa. Kwa miaka mingi wavuvi wengi hawakukihesabu. Samaki aliuzwa mzima kwa bei ya nyama yake. Kumbe huko Hong Kong na Uchina kifuko hicho kikikaushwa ni chakula cha karamu za heshima, na uzani wake huuzwa kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe mara nyingi. Wachuuzi wa Tanzania wana jina la kifuko hicho: wanakiita bondo, na vikiwa vingi ni mabondo. Jina la mji wetu, wazee wetu, lilikuwa likitajwa katika bei za sangara upande wa pili wa ziwa, na sisi wenyeji wa Bondo hatukujua linauzwa kwa kiasi gani! Mzee alisema tusinunue habari za Uchina. Twamjibu kwa adabu: baba, kutozinunua kumetugharimu zaidi.

Na tugeukie maji yenyewe. Gugu maji lenye maua ya zambarau, ambalo sote twalijua, asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua huku na huku ulimwenguni kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Liliingia katika ziwa letu mnamo 1990, na inaaminika kwamba njia yake kubwa ilikuwa mto Kagera, unaotoka Rwanda na Burundi. Kabla ya miaka kumi kupita lilikuwa limeziba ghuba, mitumbwi ikakwama, na meli zikashindwa kufika gati ya Kisumu. Tulikata kwa mapanga, tukavuta kwa mikono, nalo likaota tena. Kilichosaidia ni wadudu wadogo jamii ya fukusi, ambao nao asili yao ni huko huko Amerika ya Kusini, ambako ndio wanaolila gugu hilo siku zote. Walianza kuachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, na baada ya miaka miwili hivi, pamoja na nguvu ya mawimbi na mvua kubwa za El Niño, sehemu kubwa ya gugu ilioza ikazama. Halijaisha hata leo, na hurudi kila maji yanapopata mbolea na takataka za miji na mashamba. Lakini somo ni hili: adui alitoka mbali, na dawa yake ilitoka mbali vile vile. Mtu aliyekataa kutazama nje angempata adui bila ya kuipata dawa.

Hali kadhalika mvua. Wazee waliomo humu wanakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda kati ya mwaka 1961 na 1964, likameza mashamba na bichi. Mwishoni mwa 2019 mvua zilinyesha bila kiasi, na mwezi wa Mei 2020 maji yakafika juu ya kile kimo cha 1964. Katika fuo za Siaya, Kisumu na Homa Bay watu walihama nyumba zao, vyoo vikafurika, na visima vikaharibika. Wataalamu wa hali ya hewa wametueleza kwamba mwaka 1961, na vile vile 2019, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ulipata joto kupita kawaida na upande wa mashariki ukapoa, na hali hiyo huleta mvua nyingi Afrika ya Mashariki. Inaweza kuonekana miezi kadhaa kabla, nayo hutangazwa.

Twaomba mlitafakari jambo hili. Mzee wa miaka themanini alikuwa na nusu ya habari: alijua maji yalifika wapi zamani, na chini ya mti gani. Mtaalamu wa bahari alikuwa na nusu ya pili: alijua kwamba mwaka ule hatari inakuja. Wala mmoja hakukutana na mwenzake. Vijana walijenga vibanda na stoo za samaki ndani ya mstari ule ule ambao maji ya zamani yaliufikia. Chumba tunachokiomba ni mahali pa kuwakutanisha hao wawili. Wala hakitawaondoa wazee katika nafasi yao. Kitawaongezea kazi, maana habari ya mbali isipopimwa kwa kumbukumbu ya hapa nyumbani haimfai mtu.

Huenda mtu akasema: "Hayo yote ni biashara na mvua. Je, sheria na mipaka yetu si yetu wenyewe?" Ndugu zetu, mwaka 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua juu ya maji ya Nile. Katika barua hizo ilikubaliwa kwamba, bila ya ridhaa ya Misri, kazi yoyote isifanywe katika mto au katika maziwa unakotoka, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, ikiwa ingepunguza maji ya Misri. Hakuna mtu wa Bondo aliyeulizwa, ingawa mito ya Yala na Nzoia inaingiza maji yake hapa hapa. Ilipita miaka mingi kabla ya nchi za juu ya mto kuketi kuandika mapatano yao. Mapatano hayo yalifunguliwa kwa sahihi huko Entebbe mwezi wa Mei 2010, na Kenya ilitia sahihi mwezi huo huo. Yakaanza kuwa na nguvu mwezi wa Oktoba 2024, baada ya nchi sita kuyathibitisha. Misri na Sudan hazikuyakubali, na mazungumzo hayajaisha. Kijana wa Bondo anayetaka kumwagilia shamba la mpunga yafaa ajue habari hizo, maana maji ya mfereji wake yanazungumzwa Cairo na Addis Ababa.

Wala isisemwe kwamba vyama vya ustawi kama hiki havina kazi katika mambo makubwa. Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1920 nchi hii ilibadilishwa kutoka hali ya himaya ikafanywa koloni. Ilikuwa karatasi iliyotiwa sahihi mbali sana. Lakini mwezi wa Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, kule Gem, wakaunda chama chao, kwa kuwa walifahamu kwamba karatasi ile ya mbali ilikuwa inagusa ardhi waliyoikanyaga, pamoja na kodi na kipande. Walidai koloni iondolewe. Mwaka 1923, kwa msaada wa Archdeacon Owen wa kanisa la Kianglikana, chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo. Basi mzizi wa vyama vya ustawi katika nchi hii ni watu waliojifunza kusoma barua ya London wakiwa wameketi chini ya mti wa kijijini.

Tena tunaye mtu wa hapa hapa. Oginga Odinga, mwana wa Bondo, alikuwa mwalimu Maseno. Mwaka 1947 kampuni ya Luo Thrift and Trading ilianzishwa, yeye akiwa kiongozi wake, kwa akiba za watu wadogo wadogo. Ikajenga, ikachapisha magazeti na ikafanya biashara. Mwaka 1960 alisafiri hata Uchina na Urusi, na vijana wetu wengi wakapata nafasi za masomo katika nchi za upande ule. Mwaka mmoja kabla yake, 1959, Tom Mboya wa Rusinga alikuwa ameandaa ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani. Viongozi hao wawili hawakukubaliana katika siasa, na wote tunajua jinsi mafarakano yao yalivyoisumbua nchi. Lakini katika neno moja walikuwa sawa: kwamba mtoto wa ziwa hawezi kuilinda nyumba yake akiwa haijui njia inayofika mlangoni. Leo chuo kikuu chenye jina la Jaramogi kiko hapa mjini kwetu, nacho kilipata hati yake mwaka 2013. Chumba chetu kitakuwa jirani yake, na si aibu kugonga mlango wa jirani kuomba mwalimu wa Jumamosi.

Sasa twajibu hoja mbili zilizobaki.

Ya kwanza ni ya vijana. Wao husema: "Chumba cha nini? Habari zote zimo katika simu." Ni kweli zimo, pamoja na uongo wake wote. Katika simu hizo hizo tumepelekewa dawa za bandia, kazi za Uarabuni zisizokuwapo, na matangazo ya vifo vya watu walio hai. Nafaka isiyopepetwa haisagwi. Tunataka mtu wa kupepeta, na mahali ambapo watu wazima wataketi, wataulizana, na watakataa kile kisicho na mashina.

Ya pili ni ya wazee, nayo ni nzito zaidi: kwamba mtu akitazama mbali sana hudharau cha kwao. Hofu hiyo tunaiheshimu, maana tumeiona ikitokea. Lakini twawaomba mtazame Ziwa Kanyaboli, lile ziwa dogo lililo nyuma ya mafunjo ya bwawa la Yala. Ngege wa asili, ambaye ametoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa, yungali hai katika Kanyaboli, pamoja na jamaa fulani za fulu. Mbuta hakuingia humo. Wataalamu wa nchi za mbali wanakuja kutazama kitu ambacho sisi twakipita kwa baiskeli kwenda sokoni. Mtu asiyejua yaliyopotea kwingine hajui thamani ya kilichosalia kwake. Kuijua dunia ndiko kutakakotufanya tuilinde Kanyaboli, tusikate mafunjo yake ovyo wala kutia humo samaki wa kigeni kwa tamaa ya mwaka mmoja.

Na tusisahau kwamba sisi pia ni dunia ya wengine. Nyavu zenye macho madogo zinazokamata mbuta wachanga katika maji yetu zinamnyang'anya mvuvi wa Busia na wa Musoma. Yeye naye huketi katika mkutano wake akiuliza ni nani aliyemaliza samaki. Haki tunayoidai kwa wakubwa, yatupasa tuitende kwa jirani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tumelirekebisha shauri letu kwa ajili ya maneno ya mzee. Fedha ya wajane na yatima haitaguswa hata shilingi moja. Fedha ya mazishi haitaguswa. Lile fungu la kumi litatoka kwanza katika chai na nauli za halmashauri, ambazo sisi wenyewe tumekubali zipunguzwe kwa nusu, na kilichopungua kitatoka katika gharama za mkutano huu. Chumba kitajaribiwa kwa mwaka mmoja. Kila mwisho wa mwezi habari kubwa zitaandikwa katika karatasi moja kwa Kiswahili na Dholuo, na kubandikwa bichini: bei za samaki, utabiri wa mvua, sheria mpya, na magonjwa ya mifugo. Mwaka ujao, siku kama ya leo, akina mama wauzao mgongo wazi ndio watakaoulizwa kwanza kama chumba kimewafaa. Wakisema hakikuwafaa, tutakifunga, na meza zake zitapelekwa shule ya msingi.

Tulimwendea mzee nyumbani kwake juma lililopita, tukamsomea maneno haya yote. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Huyo kijana atakayepewa posho, je, atakuja kunisomea na mimi, maana macho yangu yamechoka?" Tulimwahidi kwamba nyumba yake itakuwa ya kwanza. Hakutuambia atapiga kura upande gani, nasi hatukumwuliza.

Maneno yetu yamekwisha. Sasa twaliacha shauri hili mikononi mwenu.